Televisheni ya Sebuleni na Siri za Nyumba

"Televisheni" ni neno lililoundwa kwa lugha mbili za kale. Sehemu ya kwanza ni ya Kiyunani, maana yake "mbali". Ya pili ni ya Kilatini, maana yake "kuona". Basi televisheni ni chombo cha kuonea mambo ya mbali, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake peke yake. Siku hizi televisheni nyingi zinazouzwa madukani zina kazi ya pili, nayo ni kuwaarifu watu walio mbali yale yanayotazamwa sebuleni kwetu. Kazi hiyo ya pili haiandikwi kwa herufi kubwa juu ya boksi. Ndiyo somo letu katika toleo hili.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Unguja ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa watu wengi, chombo cha habari cha nyumbani kilikuwa redio. Mzee wa Marangu au wa Rombo alitundika waya wake juu ya mti, akafungulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mtangazaji aliyekuwa Dar es Salaam hakujua kama mzee yule anasikiliza, au amelala, au amezima redio kwa hasira. Mawimbi yalikwenda upande mmoja tu, kama sauti ya kengele ya kanisa. Kengele hulia kwa wote, wala haijui ni nani aliyeisikia na ni nani aliyejifunika shuka.

Televisheni ya antena ilikuwa hivyo hivyo. Hata king'amuzi, ambacho Watanzania walianza kukihitaji mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mjini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kwa kawaida hupokea tu. Kisipounganishwa na intaneti hakina njia ya kumjibu aliyetuma.

Kisha zikaja televisheni ambazo wauzaji huziita "smati". Ndani yake mna kompyuta nzima, yenye kumbukumbu, programu, na kifaa kidogo cha kupokea na kutuma mawasiliano ya intaneti bila waya. Hapa kwetu mlimani nyumba nyingi hazina waya wa intaneti, kwa hiyo televisheni huunganishwa na simu ya baba au ya kaka, na bando la simu ndilo linalotumika. Njia hiyo ni ya kwenda na kurudi. Picha huingia, na habari hutoka.

Habari gani hutoka? Wana wa Kilimanjaro hawana haja ya kuhangaika sana kulielewa jambo hili, maana mfano wake tunao katika kahawa. Mwonjaji wa kahawa mjini Moshi hanywi kahawa yote iliyomo katika magunia mia moja. Huchukuliwa punje chache, hukaangwa, husagwa, humiminiwa maji ya moto. Naye huvuta kijiko kimoja kwa sauti, hutema, kisha husema magunia yote ni ya daraja gani. Televisheni hufanya vivyo hivyo kwa picha. Haitumi kipindi kizima, kwani kufanya hivyo kungekula bando lote (na baba angegundua siku ile ile!). Huchota vidoa vichache vya rangi kutoka katika picha iliyo kwenye kioo, au kipande cha sauti, hukigeuza kuwa namba iliyo kama alama ya kidole, na kuituma kwenye kompyuta ya kampuni. Huko kuna ghala kubwa la alama za vipindi, filamu, mechi na matangazo ya biashara. Alama zikilingana, kampuni hujua kwamba televisheni hii, katika nyumba hii, saa hii, inaonyesha kipindi fulani, na kwamba kipindi kimefika dakika fulani. Kazi hii tuiite utambuzi wa kipindi.

Desemba 2025 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas, nchini Marekani, alizishtaki kampuni tano, yaani Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL. Majina hayo si mageni katika maduka ya Moshi. Katika mashtaka yake alidai kwamba televisheni hizo huweza kunasa picha ya kioo kila baada ya milisekunde 500 bila wenye nyumba kuelezwa waziwazi. Mashtaka ni madai, si hukumu. Lakini hesabu yake yafaa kufanywa darasani. Milisekunde 500 ni nusu sekunde. Familia ikitazama televisheni kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, hizo ni saa 3, ambazo ni sekunde 10,800. Basi picha zitakazonaswa ni 21,600. Zidisha mwenyewe upate za likizo nzima ya Desemba.

Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza, Marekani na Hispania walizichunguza televisheni za Samsung na LG, wakapima mawasiliano yaliyokuwa yakitoka ndani yake. Waliona kwamba utambuzi uliendelea hata pale televisheni ilipotumiwa kama kioo cha chombo kingine kilichochomekwa kwa kebo ya HDMI. Jambo hili lafaa kuangaliwa sana, kwani wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa tunatazama kwa king'amuzi, televisheni yenyewe haijui kinachopita. Ikiwa imeunganishwa na intaneti na utambuzi umeruhusiwa, yaweza kujua. Waliona pia kwamba mambo hayakuwa sawa katika Uingereza na Marekani. Na kwamba mwenye nyumba alipokataa katika mipangilio, mawasiliano na kompyuta za utambuzi yalikoma. Hii ya mwisho ni habari njema, nasi tutairudia.

Haikuwa hivyo siku zote. Novemba 2013 Mwingereza mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta aligundua kwamba televisheni yake ya LG ilituma habari za chaneli alizotazama, hata baada ya yeye kuzima kipengele hicho. Tena ilituma majina ya mafaili yaliyokuwa katika flashi aliyoichomeka. Mambo hayo yalipotangazwa, kampuni iliahidi kurekebisha programu yake. Msomaji afikiri kidogo juu ya flashi zinazochomekwa katika televisheni za vijijini kwetu: video ya kipaimara, ya harusi, ya mazishi ya babu, kila moja imeandikwa jina la familia na tarehe.

Kwa nini kampuni itake kujua mambo ya sebule za watu? Jibu ni fedha. Anayetaka kuuza sabuni au gari hupenda kujua ni nyumba gani imeona tangazo lake, na atalipia habari hiyo. Kesi iliyoeleza jambo hili vizuri kuliko zote ni ya kampuni ya Vizio ya Marekani. Februari 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 ili kumaliza mashtaka ya Tume ya Shirikisho ya Biashara na ya jimbo la New Jersey. Ilielezwa kwamba tangu Februari 2014 habari zilikusanywa sekunde kwa sekunde kutoka katika televisheni milioni 11; kwamba hata televisheni zilizokwisha kuuzwa zilitiwa programu hiyo kwa mbali, zikiwa tayari ndani ya nyumba za watu; na kwamba habari hizo ziliuzwa kwa kampuni nyingine, zikiambatanishwa na mambo kama umri, jinsia, kipato na idadi ya watu wa nyumba. Kipengele chenyewe kilipewa jina zuri lisiloeleza kitu. Miaka michache baadaye, katika robo ya tatu ya 2021, faida ghafi ya Vizio kutokana na matangazo na habari za watazamaji ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile iliyotokana na kuuza vyombo vyenyewe. Mtu anayejiuliza kwa nini televisheni kubwa siku hizi huuzwa kwa bei ndogo, sehemu ya jibu lake ni hiyo.

Wanafunzi wanapozungumza juu ya mambo haya, wengi hukimbilia kuuliza habari za kamera na maikrofoni. Ni kweli kwamba Februari 2015 Samsung ilisumbuliwa sana kwa maswali, baada ya watu kusoma katika masharti yake kwamba maneno yanayosemwa mbele ya televisheni yenye kutambua sauti yaweza kupelekwa kwa kampuni nyingine. Ni kweli pia kwamba Machi 2017 zilifichuliwa karatasi za shirika la ujasusi la Marekani, CIA, zikieleza hila ya kuifanya televisheni ya aina moja ionekane imezimwa huku ikinasa mazungumzo. Lakini kazi hiyo ilihitaji mtu aingie ndani na kuchomeka flashi kwa mkono wake. Kwa maoni yangu mkulima wa Kibosho hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya majasusi. Hadithi ya jasusi ni tamu kusimuliwa, nayo hutufanya tusahau jambo dogo linalotendeka kila jioni kwa ruhusa yetu wenyewe.

Kuna watakaosema: "Mimi nina migomba yangu na ng'ombe wawili. Siri yangu ni ipi? Waache wajue kwamba natazama mpira." Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Mtu kutazama Simba na Yanga si siri kwa yeyote. Lakini sebule si ya mtu mmoja, na mwaka si jioni moja. Katika sebule hiyo hiyo mama hutazama mafundisho juu ya kisukari tangu alipopewa majibu hospitalini, jambo ambalo hajamwambia hata dada yake. Bibi hufuata ibada ya dhehebu lake. Kijana hufuatilia mikutano ya chama fulani wakati wa uchaguzi. Katuni za asubuhi huonyesha kwamba mna watoto wadogo, na kioo kinachonyamaza kwa majuma mengi huonyesha kwamba nyumba haina watu. Alama moja ni punje moja ya kahawa. Alama za mwaka mzima hutoa ladha yote ya nyumba. Na aliyeipata ladha hiyo hamfahamu bibi, wala bibi hamfahamu yeye.

Sasa tufike kwenye jambo linalomhusu mwanafunzi moja kwa moja. Televisheni haianzi kutuma habari hizi kwa ukimya mtupu. Siku ya kwanza inapowashwa huonyesha maandishi marefu, mara nyingi kwa Kiingereza, na chini yake kitufe cha kukubali. Ni nani hukibonyeza?

Fikiri juu ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Mjomba ameleta televisheni mpya, imefungwa blanketi ndani ya basi isivunjike. Imewekwa juu ya meza, kila mtu anangoja. Baba anasema, "Wewe si ndiye unayesoma? Njoo utuwekee." Mwanafunzi anashika rimoti. Maandishi yanatokea, kurasa kwa kurasa. Wadogo zake wanapiga kelele, mechi iko karibu kuanza. Anabonyeza kukubali, kukubali, kukubali, mpaka picha inatokea, na wote wanapiga makofi.

Katika dakika hizo mbili kijana wa miaka 15 ametoa ruhusa kwa niaba ya baba, mama, bibi, wageni wa jumuiya watakaokuja kusali Jumamosi, na wazee wa ukoo watakaokaa kikao cha mahari. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Baba hakujua kwamba kuna swali. Mila zetu zinajua sana jambo la ruhusa: hata jirani wa miaka 40 hupiga hodi, hungoja "karibu", na asipojibiwa hurudi kwake. Chombo hiki nacho kimepiga hodi, lakini kimeipiga kwa lugha ambayo ni mtoto peke yake ndani ya nyumba aliyeweza kuisoma, naye hakuisoma.

Nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Juu ya msingi huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tarehe 3 Aprili 2024, na Tume hiyo ndiyo hupokea malalamiko. Sheria inataka mwenye taarifa ajue zinakusanywa kwa kusudi gani. Inampa haki ya kuuliza taarifa zake zilizoshikwa, kutaka zirekebishwe, na kuzuia zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Tena imezihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, zinazohitaji uangalifu zaidi. Kenya na Uganda nazo zilitunga sheria za namna hii mwaka 2019.

Sheria hizi ni nzuri, lakini zimejengwa juu ya neno "ridhaa", na ridhaa ya nyumba nzima mara nyingi imo mikononi mwa yule aliyeshika rimoti. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepelekwa shule ili awasomee wenzake barua, risiti za chama cha msingi na karatasi za hospitali, sasa ana maandishi mengine ya kuwasomea. Si lazima ayatafsiri yote. Masharti makuu ya kutumia programu za intaneti kwa kawaida hayakwepeki. Lakini ruhusa ya utambuzi wa kipindi, na ile ya matangazo yanayomfuata mtu, aghalabu huwekwa mbali kidogo, kila moja na kisanduku chake cha kutia alama, na televisheni huendelea kufanya kazi visanduku hivyo vikiachwa vitupu. Mwanafunzi aseme kwa Kichagga au kwa Kiswahili, kama nyumba inavyozungumza: "Baba, hapa wanauliza kama tunakubali wajue kila tunachotazama. Niseme ndiyo au hapana?" Baba akisema ndiyo, ni nyumba yake.

Kwa televisheni iliyokwisha kuwekwa, jambo hili hutafutwa katika mipangilio. Katika Samsung litafutwe katika sehemu ya masharti na faragha, chini ya maneno "Viewing Information Services". Katika LG jina lake ni "Live Plus". Watengenezaji hubadili majina na mahali kila wanapotoa programu mpya, kwa hiyo asiyeyaona maneno hayo asikate tamaa, asome sehemu yote inayohusu faragha. Baada ya programu mpya kuingia yafaa kurudi na kutazama kama uamuzi wa zamani bado upo. Na anayetazama kwa king'amuzi peke yake, bila haja ya filamu za intaneti, ana njia rahisi kuliko zote: asiiunganishe televisheni na simu hata kidogo. Televisheni isiyo na intaneti ni kama ile ya antena.

Wapendao sayansi waweza kufanya jaribio dogo, kwa ruhusa ya mwenye simu. Unganisha televisheni na intaneti ya simu, hakikisha hakuna chombo kingine kilichounganishwa, kisha andika katika daftari kiasi cha data ambacho simu inaonyesha imegawa. Tazameni king'amuzi tu kwa saa moja, bila kufungua programu yoyote ya intaneti. Andika tena. Tofauti yake huwa ndogo, kwa kuwa namba za utambuzi ni nyepesi, na tena si zote ni za utambuzi, maana televisheni pia huuliza saa na kutafuta programu mpya. Kwa hiyo jaribio lirudiwe jioni ya pili, saa ile ile na chaneli ile ile, baada ya kuzima utambuzi katika mipangilio, na tarakimu za siku zote mbili zilinganishwe. Mwalimu wa fizikia atapenda kuziona, hasa zikitoka katika nyumba tano au sita zenye televisheni za aina mbalimbali.

Limebaki jambo moja ambalo watu husahau. Televisheni hurithiwa na huuzwa kama kitu kingine chochote. Ya mjini hupelekwa kwa bibi kijijini, ya bibi hupelekwa kwa fundi. Ndani yake hubaki akaunti za mwenyewe wa kwanza, nywila ya intaneti yake na orodha ya aliyotazama. Katika mipangilio kuna agizo la kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Agizo hilo likitekelezwa kabla chombo hakijatoka nyumbani, mambo hayo hufutika, na yule atakayeipokea ataulizwa upya maswali yote ya siku ya kwanza.